Kupima kafeini ya chai kwa mwanga wa nanomita 273? Mkuu usianze hesabu kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Umesema utachemsha chai, uchuje, uzimue kwa maji, usome abzobansi (kiasi cha mwanga kinachonyonywa) kwenye nanomita 273, uingize kwenye mstari wa standadi (sampuli za kafeini ya kiasi kinachojulikana) upate kafeini, halafu unauliza usome mara tatu au tano? Soma hata mara mia, utapata uongo uleule, ila sasa una wastani mzuri.

Nilipita hukohuko. Standadi zangu za kafeini tupu kwenye maji zilinyooka kama rula, R skwea 0.999 (1 ndiyo mnyooko kamili), nikavimba. Chai ikanipa kafeini asilimia 9 ya majani makavu, wakati majani ya chai kwa kawaida yana asilimia 2 mpaka 4 hivi. Mwenzenu nikaona nimegundua chai kali kuliko zote Afrika Mashariki, nikaandika hadi aya ya athari kwa afya ya jamii 😂

Huo mstari unakuhakikishia tu kwamba kafeini tupu inatii sheria ya Beer na Lambert, yaani kafeini ikiongezeka, mwanga unaonyonywa unapanda kwa uwiano uleule. Kuhusu chai haujui chochote. Kwenye chai kuna katekini, asidi ya galiki na ukoo mzima wa polifenoli (kemikali nyingine za majani), nao wananyonya mwanga palepale 270 na 280, na mashine haiulizi nani ni nani, inajumlisha tu.

Sasa aliyenimaliza ni teknisheni wa maabara, eti "ukitaka uhakika ongeza kafeini unayoijua kwenye sampuli, ikirudi yote uko salama". Nikaongeza, ikarudi asilimia 99, sherehe. Jamani ITARUDI TU! Chukulia sampuli inasoma 0.60, kafeini humo ni 0.20 na hizo 0.40 ni takataka. Ukiongeza kafeini ya 0.25 inasoma 0.85, unatoa 0.60, unapata 0.25 yako kamili, na zile 0.40 bado zimekaa humo zinakucheka. Mtu yuko maabara miaka yote hiyo hajawahi kujiuliza, na ripoti za zamani zinazouzwa steshenari nje ya geti zote zimekopi njia hiyohiyo, ndiyo maana na wewe umekuja nayo.

Mtahini wa nje aliuliza kitu kimoja, "spektra ya chai yenyewe iko wapi?" Yaani grafu ya mwanga unaonyonywa kwenye kila nanomita. Sina, nilisoma 273 peke yake. Projekti ikarudiwa, kemikali kwa hela yangu, mahafali nikayaangalia kwenye stetasi za wenzangu.

Kwa hiyo kabla hujagusa kalkuleta, skani sampuli kuanzia 200 mpaka 400, iweke juu ya kafeini tupu kwenye grafu moja, zilingane urefu pale 273. Kafeini ina kilele 273 na bonde karibu na 245. Bonde la chai yako likiwa limefukiwa, hapo huna kafeini peke yake, una mchanganyiko, USIPIGE HESABU.

Itenge kwanza. Weka sodiamu kaboneti kwenye chai, tanini (hao hao polifenoli) zinageuka chumvi zinabaki kwenye maji, halafu dikloromethani (kiyeyushi kinachobeba kafeini) kwenye faneli ya kutenganishia, na uwe ndani ya kabati la kuvuta hewa. Geuza taratibu, ukitikisa kwa hasira unapata povu la kahawia katikati ambalo halishuki hata ukalale urudi. Tabaka la chini, lile lisilo na rangi, ndilo lako. Standadi nazo zitengenezwe kwenye dikloromethani, sio maji, kisha unaskani TENA. Kyuveti (kichupa cha kuwekea sampuli kwenye mashine) iwe ya kwatzi (quartz), ya kioo cha kawaida inakula mwanga wa UV, ya plastiki ndiyo kabisa, itaanza kuyeyuka mkononi mwako.

Ulikuwa umeuliza na mambo ya Excel na idadi ya chapa za chai, hayo wadau wengine watakujibu. Skani ukishapata iweke hapa tuione hilo bonde.