Mwaniuliza Pwani ikijitenga itakuwaje: jibu langu kutoka Elegu

Salamu aleikum ndugu zangu wa Likoni na Kwale. Ami, shikamoo. Ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa juu ya gunia la mchele nangoja karatasi za lori zipigwe muhuri. Binamu ameuliza mambo mawili kwa pumzi moja: maisha ya Uganda yakoje, aje au atulie huko, halafu, kwa kuwa mimi nimekaa miaka yote hii Uganda, mpakani mwa Sudani Kusini, nchi iliyojitenga na Sudani, Pwani nayo ikijitenga na Kenya itakuwaje. Nilisema nitaandika. Nimechelewa kwa sababu sikutaka kuwajibu juu juu.

Maisha ni mepesi kuyaeleza. Elegu ni joto na vumbi, na mto Unyama ukifurika, maji huingia madukani. Nimepanga vyumba viwili. Kazi yangu ni klaringi: mzigo watoka bandari ya Mombasa, wapita Malaba mpakani mwa Kenya na Uganda, wafika hapa, mimi nashughulikia karatasi za forodha ili uvuke Nimule, upande wa Sudani Kusini, uende Juba, mji wao mkuu. Kiswahili ndicho kinachonilisha. Madereva, askari na wachuuzi wa mpakani wote wanakizungumza. Kampala ni tofauti. Wazee wengi wa Buganda wakikisikia bado hukumbuka askari wa enzi za Amin, hata kama baraza la mawaziri lilikubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Sijatajirika. Kuna miezi natuma nyumbani, na kuna miezi sitoi kitu, mama anajua.

Lakini kuna jambo nawaomba mlitazame kabla hatujaenda mbele. Nilipokuja 2009 nilipanga foleni ya hati ya kusafiria. Tangu 2014 navuka Malaba kwa kitambulisho cha Kenya tu, kile kile cha kupigia kura. Kibali cha kazi sikilipii ada, kwa sababu Kenya na Uganda zimefutiana. Hayo yote yamo katika kile kitambulisho. Binamu aliposema "siku ya kwanza tutavichoma vitambulisho vyao", mimi nilikigusa changu mfukoni.

Sasa jambo lenyewe. Januari 2011 Wasudani Kusini walipiga kura ya maoni, na karibu asilimia 99 wakasema tujitenge. Hata waliokuwa Uganda walipiga kura. Niliwaona wakitoka kituoni na wino kidoleni, wanalia kwa furaha, na nilifurahi nao kwa moyo mweupe. Walikuwa na haki ya kufurahi. Walikuwa wamepigana vita viwili virefu na kuzika watu kwa mamia ya maelfu. Tarehe 9 Julai 2011 bendera ikapanda Juba. Biashara hapa ikachangamka ajabu: saruji, sukari, bia, mabati, mayai. Waganda walifurika kule na bodaboda zao na vibanda vyao.

Mwalimu mmoja, mama wa Yei huko Sudani Kusini, alikuwa akipita kwetu kila likizo kununua daftari na sabuni. Mshahara wake ulikuwa paundi 350. Paundi mpya ilianza ikiwa karibu 3 kwa dola moja kwa bei ya serikali, kwa hiyo alikuwa na zaidi ya dola 100, na akazipanga: karo, unga, kiasi cha kumrudishia dada yake. Nilimwona akizihesabu kaunta yangu, noti mpya zinanukia wino, anazilaza upande mmoja zote ili picha ya John Garang, aliyeongoza vita vyao, itazame juu.

Nchi ilipogawanyika, Kusini iliondoka na takriban robo tatu ya mafuta. Bomba la kuyapeleka baharini lilipita Kaskazini, mpaka Port Sudan. Khartoum, serikali ya Kaskazini, ikadai ada ya zaidi ya dola 30 kwa kila pipa, Juba ikasema haifiki hata dola moja. Hawakuelewana. Januari 2012 Juba ikazima visima vyenyewe, na visima vilikaa kimya zaidi ya mwaka mzima, wakati karibu mapato yote ya serikali yalitoka humo. Nawaomba msilipite hilo haraka. Nchi ya miezi sita ilijikata mshipa wake kwa mkono wake, na iliyofanya hivyo haikuwa na wazimu. Ilikuwa imedhulumiwa kweli. Ila bomba halikujua dhuluma.

Desemba 2013 wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, watu wa Rais Salva Kiir na watu wa Riek Machar aliyekuwa makamu wake. Wakimbizi walivuka hapa Elegu, wakapelekwa Dzaipi, Adjumani. Julai 2016 ikazuka tena, jeshi la Uganda likaenda na msafara wa magari kuwatoa Waganda Juba. Mwezi uliofuata kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ikafunguliwa wilayani Yumbe, na kufika mwisho wa mwaka ilikuwa na watu zaidi ya 270,000. Agosti 2017 Uganda ilifikisha wakimbizi milioni moja kutoka nchi hiyo moja. Yule mwalimu alikuwa mmoja wao. Alikuja na watoto wanne, wawili si wake.

Fedha yao ilikuwa imeshakufa kabla ya hapo. Desemba 2015 serikali iliiachia paundi, ikashuka kutoka karibu 3 mpaka 18 kwa dola kwa siku moja. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa inauzwa zaidi ya paundi 1,000. Zile 350 za mwalimu hazinunui kikombe cha chai. Kuna asubuhi nimeona mfanyabiashara akivuka na pesa ndani ya gunia la simenti. Tajiri niliyekuwa namfanyia kazi wakati huo alipeleka mahindi kwa mkopo kwa ofisi moja ya umma huko Juba. Hakulipwa. Mimi miezi minne sikulipwa, na wale waliokuwa wakingoja pesa zangu Likoni mnakumbuka mwaka huo.

Upande wa Khartoum nao msidhani walibaki wakicheka. Mafuta yaliondoka, deni la nje likabaki kwao. Ruzuku zikaondolewa, watu wakaingia mitaani 2013, wakaingia tena Desemba 2018 kwa ajili ya mkate, mpaka Rais Bashir akaanguka Aprili 2019. Wasudani Kusini waliozaliwa Khartoum, wana nyumba, wana wake wa huko, walipewa mpaka Aprili 2012 kuwa wageni rasmi au kuondoka. Maelfu walikwama bandari ya mtoni ya Kosti na vitanda vyao na masufuria yao. Hapo huwa nawafikiria shemeji zetu Wakamba wa Likoni, na watoto wa dada yetu aliyeolewa Kisumu. Watakuwa raia wa wapi? Watauliza karani gani?

Najua utanijibu, binamu: Pwani si Sudani Kusini, sisi tuna bandari. Hilo ndilo lililonifanya nichelewe kuandika. Nilipokaa Kampala, mtaa wa Kansanga, jirani yangu alikuwa Mweritrea mwenye duka dogo la vyakula, mzaliwa wa Assab, mji wa bandari. Kule Kansanga Waeritrea ni wengi. Jioni tukinywa kahawa alinieleza mji wake, nami nikadhani anaeleza Mombasa: makuli, malori, hoteli za madereva, harufu ya bahari na dizeli.

Eritrea ilijitenga na Ethiopia baada ya vita vya miaka 30. Kura ya Aprili 1993 ilipita kwa karibu asilimia 100. Ethiopia, nchi kubwa, ikawa haina pwani, na Assab ikabaki kwa Waeritrea. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Walitumia birr, fedha ya Ethiopia, pamoja, mzigo wa Ethiopia ukaendelea kushuka Assab. Mwaka 1997 Eritrea ikatoa fedha yake, nakfa, ubishi wa biashara ukaanza, na Mei 1998 wakapigana kwa ajili ya mpaka wa Badme. Ethiopia ikahamishia mzigo wake Djibouti. Vita viliisha mwaka 2000, mzigo haukurudi. Jirani yangu alisema alikuwa na gari la kubebea mizigo, akaliegesha wiki ya kwanza akingoja meli. Aliondoka baada ya miaka, gari bado liko pale pale, matairi yamekwisha kwa jua. Bandari ilikuwa yao kabisa, hakuna wa kuwaamrisha. Meli ndizo hazikuwepo.

Mimi nafanya kazi na mteja mkubwa wa mzigo wa transiti, ule unaopita Mombasa kwenda nchi nyingine, ambaye ni Uganda, kwa hiyo nawaambia ninachokisikia ofisini. Waganda hawajasahau mwanzo wa 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, reli iking'olewa Kibera na petroli ikipanda bei Kampala ndani ya siku chache. Tangu hapo kila mwenye mzigo ana nambari ya wakala wa Dar es Salaam. Mwaka 2016 Uganda ilipochagua njia ya bomba lake la mafuta ghafi, ilichagua Tanga ya Tanzania, haikuchagua Lamu yetu. Siku Mombasa itakapokuwa nchi yenye mgogoro na Nairobi, mzigo wa Elegu utashukia Dar, na mimi nitakuwa najaza fomu za Dar. Halafu barabara ya kutoka bandarini mpaka Malaba itapita nchi ya Nairobi, kama lile bomba lilivyopita nchi ya Khartoum. Ada ya kupita ataipanga nani? Na deni la Uchina la reli ya Mombasa, lile lililokopwa kwa jina la Wakenya wote, litagawanywa vipi na watu ambao hawasemezani?

Msinisikie nikasema hatudhulumiwi. Babu alikufa skwota kwenye ardhi aliyozaliwa. Nimeyasoma ya Mwambao, ukanda wetu wa pwani: mkataba wa 1895 wa Mwingereza na Sultani wa Zanzibar, na ule wa Oktoba 1963 ulioutia ukanda huo Kenya. Najua kilio cha "Pwani si Kenya" hakikuanzia hewani, na waliokamatwa kwa ajili yake ni watoto wa majirani zetu. Mzigo ulipolazimishwa kupanda treni mpaka Nairobi, vijana wa klaringi niliowafundisha kazi wakawa wanauza samaki, nilikasirika mpaka nikashindwa kulala. Lakini lile nalo vijana waliandamana wiki baada ya wiki Mombasa, na Septemba 2022 kazi ya kutoa mizigo ikarudishwa bandarini. Halikuhitaji bendera. Lilihitaji watu wasiochoka. Hata kaunti, pamoja na wizi wote unaoendelea humo, ni fedha na uamuzi ambao kabla ya 2013 hatukuwa nao, na sisi hatuendi hata kwenye vikao vya bajeti kuuliza.

Mwalimu wa Yei nilimuuliza kama angepiga kura tofauti. Alinyamaza, akasema hapana, angepiga ile ile, kwa sababu ya kaka zake waliokufa. Sikumbishia na sitambishia. Ila alisema hakuna aliyewaambia kabla ya kura mshahara utalipwa kwa pesa gani, mafuta yatapita wapi, na nani atakuwa raia. Walidhani hayo yatakuja yenyewe baada ya sherehe. Nami binamu nimeusikiliza ujumbe wako mara tatu, nikasikia bendera, nikasikia bandari, sikusikia hata moja kati ya hayo matatu.

Kuhusu kuja: njoo ukitaka, nitakupokea, kazi ya kuanzia ipo kwenye yadi ya malori, si ya fahari. Usimwamini mtu wa Malaba atakayekwambia anaweza kukuvusha kwa njia ya haraka. Usikichome kitambulisho.

Mimi nakuja baada ya Idi, nina siku kumi. Kwenye sanduku la mama kuna karatasi ya babu ya 1971 na stakabadhi zimefungwa kwa uzi, mwambie azitoe zipate hewa. Jumatatu tutakwenda Kwale, ofisi ya ardhi, na ami twende naye, kwa sababu yeye peke yake ndiye bado anakumbuka mpaka wa shamba ulipopita, kutoka kwenye mwembe mpaka kisimani.