Sajenti meja katika jeshi la anga: jibu la fundi mstaafu

Ndugu uliyeuliza sajenti meja, yaani askari mwandamizi asiye ofisa, ana kazi gani katika jeshi la anga, ikiwa maofisa ndio wanaoamuru na marubani ndio wanaoruka, nakujibu kwa niliyoyaona nikiwa koplo, fundi wa helikopta za Mi-17 hapa Uganda.

Katika kikosi cha miguu ofisa huongoza askari wake kuelekea hatari. Angani ni kinyume: anayeruka ni ofisa, na anayebaki chini ni mpiganaji wa kawaida aliyekaza nati ya mwisho. Uhai wa mkubwa umo mikononi mwa mdogo, na huyo mdogo lazima aweze kusema, "Afande, ndege hii haijawa tayari," bila kutetemeka. Kulilinda hilo ndiyo kazi kubwa ya sajenti meja. Gwaride na usafi wa mabweni, ambavyo raia huviona, vinafuata.

Jioni moja, tulipokuwa tukihesabu vifaa, nafasi moja kwenye ubao wa spana ilikuwa tupu, na ndege ilipangiwa kuondoka alfajiri. Praiveti aliyeitumia spana hiyo alinyamaza, kwa kuwa mwezi uliotangulia mwenzake aliyekiri kosa kama hilo alitupwa mahabusu. Sajenti meja hakupaza sauti. Alimwendea kamanda, nami nikiwa nimesimama pale, akamweleza kwamba ndege haiwezi kuruka mpaka kifaa kipatikane, na akaomba atakayesema ukweli asiadhibiwe. Kamanda alikasirika, kisha akakubali. Kijana alijitokeza, tukaikuta spana juu ya ndege, karibu na giaboksi kuu inayopeleka nguvu ya injini kwenye mapanga. Nadhani wote mnajua ingefanya nini huko angani.

Marekani wana cheo maalumu kwa ajili ya kazi hii: tangu 1967, alipoteuliwa Paul Airey, jeshi lao la anga lina askari mkuu mmoja anayemshauri mkuu wa jeshi hilo kuhusu hali ya wasio maofisa. Haamuru kikosi chochote. Nguvu yake ni kusikilizwa.

Hali hiyo ya askari ni pamoja na nyumba, karo na madeni. Sajenti meja wetu alijua nani anakatwa mkopo wa Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, na mshahara wake umebaki kiasi gani. Kila asubuhi, kabla hatujapanda kwenye injini, alituuliza mmoja mmoja kama tumelala na kama nyumbani ni wazima. Siku niliyomwambia mwanangu ana malaria, alinipeleka stoo kuhesabu matairi, injini akampa mwingine.