Kwanza Aonekane Akiwa Hai

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama serikali iwatetee kwa siri au hadharani watu wanaofungwa ng'ambo bila kesi kwa ajili ya siasa. Kwa maoni yangu siri inafaa kwa majuma machache tu, tena yenye mwisho unaojulikana na pande zote mbili. Ikipita hapo, anayenufaika na ukimya ni bwana jela.

Tazameni Eritrea. Septemba 2001 serikali ya Isaias Afwerki iliwakamata vigogo 11 waliodai mageuzi, ikayafunga magazeti binafsi na kuwatia ndani waandishi, akiwemo Dawit Isaak, mwenye uraia wa Eritrea na wa Uswidi. Hakuna hata mmoja wao aliyefikishwa mbele ya hakimu. Uswidi ikashika njia ya mazungumzo ya kimyakimya. Novemba 2005 Isaak aliachiwa kwa siku chache, akarudishwa kizuizini, na tangu hapo hajaonekana. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwisha kuamua mwaka 2003 kwamba kuwashikilia wale 11 kunavunja Mkataba wa Afrika, nao wakuu wetu wakaendelea kupeana mikono na Asmara kana kwamba uamuzi ule uliandikwa kwa ajili ya kabati.

Sisi wa Lubumbashi jambo hili tunalijua. Lumumba alipokamatwa Desemba 1960, Dag Hammarskjöld wa Umoja wa Mataifa alimwandikia Rais Kasavubu akiomba sheria ifuatwe. Barua zilifika, lakini zilipopuuzwa hapakufuata lolote, na tarehe 17 Januari 1961 mfungwa huyo alishushwa Luano, uwanja wa ndege wa hapa kwetu, askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa pale pale, akauawa usiku ule ule.

Ndiyo sababu ningependa dai la kwanza la balozi yeyote liwe dogo na gumu kukwepa: mtu aonekane akiwa hai. Mama anayempelekea mwanawe bukari, yaani ugali, kwenye lango la Kasapa, gereza letu la hapa Lubumbashi, walau hupata habari zake sufuria inaporudi tupu (ingawa si siku zote, maana chakula hupita mikono mingi). Familia za wafungwa wale wa Eritrea hazina hata lango la kupelekea sufuria. Siku zilizowekwa zikiisha pasipo kuonyeshwa mtu, majina ya wakubwa wanaomficha yatajwe, na viza na akaunti zao za benki zifungwe papo hapo. Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo Ofisi ya Usalama wa Taifa ya Eritrea Machi 2021, karibu miaka 20 baada ya watu kukamatwa. Adhabu iliyochelewa hivyo haimtishi mtu.

Kinshasa nayo ingeweza kulifikisha dai hilo kwenye Umoja wa Afrika, Addis Ababa, lakini ianze kwa kuiheshimu ibara ya 18 ya Katiba yetu, inayokataza mtu kuzuiliwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria. Vinginevyo mjumbe wa Eritrea atakuwa na la kutujibu.

Msomaji wenu,
Lubumbashi