Majeraha yapunguze nguvu za mpiganaji?

Mkuu, umeuliza kama mhusika mchezoni aliyekatwa panga mara tano apunguziwe nguvu, maana kwenye ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambao dadu ndiyo huamua kama pigo limempata adui, Dungeons & Dragons mwenye pointi 1 ya uhai anapiga sawasawa na mwenye 40. Kweli, haiingii akilini. Ila sisi tulijaribu: kila jeraha, toa 2 kwenye namba ya dadu. Balaa! Anayepigwa kwanza ndo basi tena. Anakosa shabaha, anapigwa tena, anazidi kukosa. Jamaa yetu mmoja alirusha dadu nusu saa bila kugusa mtu, akaishia kuchezea simu. Halafu zimwi, yaani adui wa wachezaji, hupigana pambano moja likafa; wanaobaki kuuguza vidonda ni wachezaji. Mimi ningeweka adhabu moja tu, uhai ukishuka chini ya robo, nayo iishe pambano likiisha.