Mwalimu wa Michezo Akujibu: Jibaba Lisilogusa Mpira

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama, nakaa Newala. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, ana kilo 104, na shuleni wamemtoa kwenye timu ya mpira kwa sababu hawezi kukimbia. Wenzake wanamwita Semi. Sasa ameivumbua futiboli ya Kimarekani kwenye simu, usiku kucha anaangalia majibaba yanasukumana, na anasema naye atakuwa kama wao, wale wa mstari wa mbele. Nilikaa naye siku moja, sikuona wakigusa mpira hata mara moja. Watu wa namna hiyo wakistaafu wanakula nini? Na ni kweli wanaishia kuchanganyikiwa akili? Mama Mzazi, Newala.

JIBU: Marahaba, mama. Hao wanaomwita Semi waache tu. Msimu wa korosho ukianza, wenye malori ya semi ndio tunaowabembeleza.

Umeangalia vizuri kuliko wengi. Kila timu ina watu 11 uwanjani, na yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa hivi. Hao wakubwa wanapangana katikati uso kwa uso. Siku nyingine mkikaa tena, usiufuate mpira, mtazame mmoja wao tu. Miguu ameitanua, makalio juu, vidole vya mkono mmoja amevikita kwenye nyasi. Mpira ukitikisika tu ameshainuka, na viganja vyake vimetua kifuani kwa mwenzake. Wa upande unaoshambulia wanamkinga mpiga pasi wao, na kanuni kwa kawaida haziwaruhusu hata kudaka pasi ya mbele. Wa upande unaozuia kazi yao ni kuubomoa huo ukuta wamfikie mpiga pasi. Sekunde chache, chini, wanainuka, wanaanza upya. Hapa kwetu Mtwara nimekaa uwanja wa Nangwanda Sijaona miaka mingi, na jukwaa huwa linaimba jina la mfungaji. Beki wa kati anatajwa akikosea. Kule nako ni hivyo hivyo.

Sasa la kustaafu. Nitakupa mtu mmoja, umsimulie kijana: Alan Page.

Alizaliwa mwaka 1945 Canton, jimbo la Ohio. Huko Canton ndiko lilikojengwa jumba la magwiji wa futiboli, lililofunguliwa 1963, na Page akiwa kijana alifanya kibarua kwenye ujenzi wake. Akaenda Chuo Kikuu cha Notre Dame, akamaliza 1967, na mwaka huo huo akachukuliwa na timu ya Minnesota Vikings. Alicheza mstari wa kuzuia, kwa misimu 15. Mechi za ligi ni 218 na hakukosa hata moja, kwenye nafasi ambayo mtu anagongwa kila mpira unapoanzishwa. Mwaka 1971 akawa mchezaji bora wa ligi nzima, mlinzi wa kwanza kuipata tuzo hiyo ya shirika la habari la AP. Baada yake ameipata mlinzi mmoja tu, Lawrence Taylor, mwaka 1986. Fainali za Super Bowl timu yake ilifika mara nne, ikafungwa zote nne. Hilo nalo mwambie, asidhani gwiji ni lazima awe na kombe.

Lakini ninachompendea Page ni madaftari. Alijaribu kusoma sheria mapema, akaacha baada ya wiki chache. Akarudi tena, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, akachanganya masomo na ligi mpaka akapata shahada yake ya sheria mwaka 1978. Jumapili anagongana na watu, kisha anarudi darasani kusoma mashauri ya mikataba. Katikati ya hayo mkewe, Diane, alikuwa anaacha sigara na akaanza kukimbia. Mume naye akafuata. Akakolea kwenye mbio mpaka uzito ukashuka, Vikings wakaona sasa ni mwembamba mno kwa kazi ile, wakamwacha mwaka huo huo wa 1978. Chicago Bears wakamchukua, kwa ada ya dola 100 tu, akawachezea mpaka 1981. Na 1979 akamaliza mbio za marathoni akiwa bado mchezaji wa ligi. Mtu wa mstari wa mbele, mama! Kilomita 42.

Akawa wakili, kisha akafanya kazi ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Mwaka 1992 alitaka kugombea ujaji wa Mahakama Kuu kabisa ya Minnesota, ambako majaji hupigiwa kura. Gavana akawa amemwongezea muda jaji aliyekuwepo, kwa hiyo uchaguzi usingekuwepo. Page akafungua kesi uchaguzi ufanyike, akashinda kesi, kisha akashinda na uchaguzi wenyewe. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kukaa kwenye mahakama hiyo, na alikaa mpaka 2015, umri wa miaka 70 ulipomlazimu kuondoka.

Mwaka 1988 walimwingiza kwenye lile jumba la Canton. Kwa kawaida mchezaji hutambulishwa na kocha wake au mchezaji mwenzake. Yeye alimleta mwalimu mkuu wa sekondari moja ya Minneapolis, na hotuba yake ikawa ya elimu. Mwaka huo huo yeye na Diane walianzisha mfuko wa kusomesha vijana. Anayelipiwa ada chuoni naye anatakiwa akae na watoto wadogo kuwasaidia masomo.

Swali lako la mwisho siwezi kulipaka asali. Mike Webster alicheza katikati ya mstari wa kushambulia, timu ya Pittsburgh Steelers, akachukua Super Bowl nne. Alipostaafu kumbukumbu zikamtupa, akahangaika, akafariki 2002 akiwa na miaka 50. Aliyemfanyia uchunguzi ni daktari kutoka Nigeria, Bennet Omalu, na ndiye aliyegundua kwamba ubongo ule ulikuwa umeharibika kwa kugongwa kichwa mara nyingi. Ugonjwa huo wanauita CTE, na mpaka leo hauthibitishwi kwa uhakika mpaka mtu afe. Si kila mchezaji unampata. Ila mimi kama mzazi ningetaka kijana alijue jina la Webster siku ile ile anapolijua la Page.

Huku kwetu hana ligi ya mchezo huo. Wenyewe NFL, yaani ile ligi kuu ya Marekani, walileta kambi Accra mwaka 2022 na Nairobi 2023, kwa hiyo mlango upo, ingawa si wa Newala. Kwa sasa aende kwa mwalimu wake wa michezo aombe tufe na kisahani. Kilo 104 zenye miguu ya haraka ni mali kwenye kurusha, na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, wanashindana michezo hiyo. Hakuna atakayemwambia akimbie dakika 90.

Na video zake mwachie aangalie. Kuhusu bando tu ndio mkae mpangiane.