Kaka kaacha kutafuta kazi, mbona takwimu zinapendeza?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo form six Singida, nasoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Mwalimu katupa hesabu ya kiwango cha ushiriki wa nguvukazi, mi nikachukua wenye kazi nikagawanya kwa watu wote, nikakosa. Kwani nguvukazi si ndo watu wenye kazi? Halafu bibi yangu analima toka alfajiri, kaka kamaliza chuo yupo tu nyumbani, hao wanahesabiwa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umekosea pawili, juu na chini. Juu unaweka wenye kazi ukijumlisha na wasio nayo ila wanaitafuta na wapo tayari kuianza, hao wote ndo nguvukazi. Chini huweki watu wote, unaweka wenye umri wa kufanya kazi tu, ambao kwetu ni miaka 15 na kuendelea (Marekani wanaanzia 16), halafu unazidisha kwa 100.

Tuseme kwenu mpo 9. Wadogo zako wawili hawajafika 15, watoe kabisa, wanabaki 7. Mama anauza vitumbua, baba ana bodaboda, kaka anazunguka na bahasha yake ya kaki, wewe upo shule, shangazi anapika na kulea, babu anaumwa, na bibi analima. Usiwadharau mama na baba eti hawana mwajiri, maana hata mtu akifanya saa 1 tu ya kazi ya kujipatia kipato ndani ya wiki inayoulizwa anahesabika ana kazi. Kwa hiyo nguvukazi ni mama, baba na kaka (bibi nitamrudia chini), 3 kwa 7, asilimia 42.9. Ukosefu wa ajira unaupata kwa kugawanya kaka kwa nguvukazi, sio kwa wale 7, yani 1 kwa 3, asilimia 33.3.

Sasa angalia hapa, ndo panaponiuma kila nikisoma hizi takwimu. Kaka kachoka, nauli imeisha, kila ofisi wanamwambia tutakupigia, mwezi huu hajapeleka barua popote. Kwa kipimo cha kimataifa huyo katoka kwenye nguvukazi. Ushiriki unashuka hadi 2 kwa 7, asilimia 28.6, na ukosefu wa ajira kwenu unakuwa sifuri! Kaka yupo palepale kwenye benchi, hana hata mia, lakini kwenye karatasi nyumba yenu haina asiye na kazi. Ndo maana ukisikia ukosefu wa ajira umeshuka, uliza hapohapo ushiriki nao umeendaje. NBS, yani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwenye utafiti wa nguvukazi wa 2014 walitumia pia tafsiri ya kitaifa, inayomhesabu asiye na kazi aliye tayari kufanya hata kama hatafuti, na mi naona hiyo inamtendea haki zaidi kaka yako.

Bibi ndo mgumu kidogo. Zamani mkulima wa chakula cha nyumbani alihesabiwa ana kazi, lakini mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi walikutana Geneva chini ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) wakabadilisha: anayelima hasa kwa ajili ya kula na familia yake anafanya kazi, sawa, ila haiitwi ajira. Kwa kipimo cha zamani kwenu mnakuwa 4 kwa 7 (kaka akiwa bado anatafuta), asilimia 57.1, kwa kipya ndo ile 42.9, na jembe ni lilelile, shamba lilelile. Kwa hiyo usilinganishe ripoti mbili za miaka tofauti kabla hujajua kila moja imetumia kipimo gani. Bibi akianza kulima alizeti hasa kwa ajili ya kuuza, anarudi kwenye hesabu.

Shangazi yupo nje kwa vipimo vyote viwili. Anaamka wa kwanza analala wa mwisho, na kwenye fomu anaandikwa hayumo kwenye nguvukazi.

Kwenye mtihani andika fomula kwanza, halafu uwatoe wa chini ya 15 kabla hujagusa kitu kingine.