Bega linalolia "ka": maswali yenu wiki hii

*Nacheza mpira wa wavu. Nikipiga smashi, bega linalia "ka" na kuuma kwa ndani. Daktari alininyoosha mkono mbele, dole gumba likitazama chini, akausukuma chini nami nikazuia. Iliuma. Akarudia kiganja kikiwa juu, maumivu yakapungua. Akasema labramu imechanika. Amejuaje?*

Hicho ni kipimo cha O'Brien. Labramu ni ukingo wa gegedu unaozunguka kijisahani ambacho kichwa cha mfupa wa mkono hukalia. Mkono hupandishwa nyuzi 90, ukasogezwa kidogo kuelekea kifuani, na dalili inayotafutwa ni hiyo uliyoieleza. Lakini alikuuliza panauma wapi hasa? Maumivu ya juu, pale mtulinga unapoishia, huelekeza kwenye kiungo cha mtulinga, si labramu. Wengi huruka swali hilo. Isitoshe, waliokitangaza kipimo hiki mwaka 1998 waliripoti usahihi wa karibu asilimia 100. Wengine waliporudia hawakuukaribia. Kwa hiyo neno sahihi lilikuwa "huenda", hasa kama hakupima kitu kingine.

*Shikamoo daktari. Mimi ni kipa, bega limeshateguka mara kadhaa. Mtaalamu wa viungo alinilaza chali, akaupeleka mkono pembeni na kuugeuza nyuma kama narusha mpira. Nikamshika mkono nikipiga kelele, haikuuma sana ila niliona linachomoka. Nilimkera?*

Marahaba. Hapana, ulimpa jibu alilolitaka. Katika kipimo hiki hofu ina uzito kuliko maumivu. Kisha bila shaka aliweka kiganja mbele ya bega akalisukuma nyuma, na hofu ikatulia. Viwili hivyo vikienda pamoja kwa mtu aliyeteguka, nashuku labramu imebanduka mbele kwa chini, jeraha linaloitwa kwa jina la Bankart, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyeandika juu yake mwaka 1923. Kati ya vipimo vyote vya mikono vya labramu, hivi ndivyo ninavyoviamini zaidi.

*Naweza kujipima nyumbani?*

Usijaribu, hasa hicho cha kipa.

*Nina miaka 52. MRI imesema labramu imechanika juu. Je, lazima nipasuliwe?*

Kwa umri wako labramu kuchakaa ni jambo la kawaida, hata kwa watu wasioumwa. Picha bila maumivu yanayolingana nayo haitoshi. Nchini Norway walilinganisha upasuaji wa kweli na wa kuigiza kwa wagonjwa wenye mchaniko wa juu, pale kano ya msuli wa mkono inapojishika. Matokeo yalitoka mwaka 2017: baada ya miaka miwili, waliopasuliwa kweli hawakuwazidi wenzao. Anza na mazoezi ya tiba kwa miezi kadhaa. Bega likianza kuteguka, hiyo ni kesi nyingine: rudi kwa daktari wa mifupa.